Poda ya protini kwa anayepunguza uzito: kuichagua, kuikoroga na kuipa nafasi kwenye mlo

Wauzaji wengi watakwambia poda ya protini inakata mafuta. Haikati. Poda ni chakula kilichokaushwa, na kila gramu ya protini ina kalori 4, sawa na gramu ya sukari. Mtu akinywa sheki, yaani poda iliyokorogwa, juu ya wali, chapati na soda zake za kila siku, atanenepa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jiulize swali ambalo muuzaji hatakuuliza: nikianza kunywa hiki, nitaacha kula nini? Kama huna jibu, kopo halitakusaidia.

Ukiwa na jibu, poda ina kazi ya maana. Protini inashibisha kuliko wanga kwa kalori zilezile. Mwili wenyewe unatumia nguvu kuisaga: kati ya asilimia 20 na 30 ya kalori zake zinaishia hapo, wakati kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10 na kwa mafuta ni chini hata ya hapo. Faida kubwa kuliko zote ni kulinda misuli. Anayejinyima chakula hapotezi mafuta peke yake. Kwa watu wengi karibu robo ya kilo zinazopungua si mafuta, na misuli imo humo. Ndiyo maana unamwona mtu amepungua kweli, lakini mwili umelegea, kupanda ngazi anahema, na baada ya muda kilo zimerudi zote. Protini ya kutosha pamoja na mazoezi ya kuinua vitu vizito ndivyo vinavyozuia hali hiyo. Kimoja bila kingine hufanya kazi nusunusu.

Hatua ya kwanza: tafuta pengo lako

Mtu mzima asiye na ugonjwa anahitaji walau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayepunguza mwili anahitaji zaidi, kati ya gramu 1.2 na 1.6. Kama uzito wako ni mkubwa sana, piga hesabu kwa uzito unaoulenga, si ule wa leo, maana mafuta yaliyohifadhiwa mwilini hayadai protini nyingi. Mtu wa kilo 95 anayetaka kufika 75 atazidisha 75 kwa 1.4, apate gramu 105.

Sasa chukua karatasi uandike ulichokula jana, bila kujitetea. Tuseme asubuhi ulikunywa chai ya rangi na maandazi mawili: protini gramu 6 hivi. Mchana wali, kikombe cha maharage na kipande cha samaki cha kiganja kizima: kama gramu 45. Usiku ugali, mchicha na vipande viwili vya nyama: 28 au zaidi kidogo. Jumla 79. Pengo ni gramu 26, yaani karibu kijiko kimoja cha poda kwa siku: kile cha plastiki kinachokuja ndani ya kopo, ambacho lebo hukiita kipimo. Si viwili, si vitatu kama picha ya kwenye kopo inavyoonyesha.

Na hapo bado hujalazimika kununua. Mayai mawili yana protini gramu 12 hadi 13 kwa kalori 150 hivi. Glasi ya mtindi ya mililita 250 ina gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15. Dagaa wakavu ndio wafalme wa hesabu hii, kwani karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini tupu. Karanga watu huzisifia sana, lakini konzi moja ya gramu 30 inakupa protini 7 tu kwa kalori 170. Zina faida zake, ila kwa anayepunguza mwili zinahitaji kuhesabiwa. Kama mayai mawili na glasi ya mtindi vinakaribia kuziba pengo na unavipata kila siku, mwongozo huu unaweza kuufunga hapa, fedha ukanunulia viatu vya mazoezi.

Poda inawafaa zaidi wasio na muda au nafasi ya kupika: anayetoka Mbagala saa 11 alfajiri kuwahi kazini, nesi wa zamu ya usiku, dereva wa masafa, mtu anayetoka jimu usiku na kukuta mama lishe wote wameshafunga, imebaki chipsi tu.

Hatua ya pili: nani aanzie kwa daktari

Mwenye ugonjwa wa figo asinunue chochote kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu figo zilizochoka hazimudu protini nyingi. Tatizo ni kwamba wengi hawajui kama figo zao zimechoka. Ikiwa una presha au kisukari cha miaka kadhaa, omba kipimo cha damu cha kreatinini na kipimo cha mkojo kuangalia protini. Ni vipimo vya kawaida kabisa. Kwa mtu mwenye figo nzima, kiwango nilichotaja hapo juu hakijaonekana kuziharibu.

Anayetumia insulini au vidonge vya sukari vya aina ya glibenklamidi ana jambo jingine: akibadilisha chapati kwa sheki, wanga umepungua ghafla lakini dawa ni ileile, na sukari inaweza kushuka hadi akatetemeka au kuzimia. Dozi ipangwe upya kwanza. Wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 wale chakula. Si wakati wao wa kujaribu makopo. Anayemeza levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo asiinywe pamoja na poda ya soya, apishanishe kwa saa kadhaa. Ukiwa kwenye dozi ya siprofloksasini au doksisaiklini, poda ya maziwa nayo ikae mbali na saa ya dawa, maana kalisi ya maziwa huzuia dawa isiingie vizuri mwilini.

Hatua ya tatu: lisome kopo kabla ya kulilipia

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kununua geina. Ni kopo kubwa au mfuko mkubwa, lina picha ya mtu mwenye kifua kama mlango, na kwa kilo moja mara nyingi ni rahisi kuliko poda halisi. Mbele limeandikwa protini gramu 50, mnunuzi akafurahi. Geuza nyuma: kalori 1,250 kwa mchanganyiko mmoja. Hiyo imetengenezwa kwa kijana mwembamba anayetaka kuongezeka. Sehemu kubwa yake ni wanga wa maltodekstrini, ambao unaingia kwenye damu upesi kama sukari. Ukiona neno gainer au mass mahali popote kwenye kopo, lirudishe kwenye rafu.

Kuna hesabu moja inayokutosha kwa kila kopo. Chukua gramu za protini za kipimo kimoja, zidisha kwa 4, gawanya kwa kalori za kipimo hicho hicho. Poda nzuri yenye protini gramu 24 kwa kalori 120 itakupa 96 gawanya kwa 120, yaani 0.8: asilimia 80 ya kalori zake ni protini. Geina ile itakupa 0.16. Kwa anayepunguza mwili, tafuta 0.75 kwenda juu. Makopo yanayotoka Afrika Kusini huandika nguvu kwa kilojuli. Gawanya kwa 4.2 upate kalori, kisha endelea.

Kati ya geina na poda halisi kuna kundi la tatu, vinywaji vinavyouzwa kama mbadala wa mlo. Hivi vina protini kiasi, wanga kiasi, na vimeongezwa vitamini na madini, na hesabu yake hutoka 0.3 hivi au zaidi kidogo. Si utapeli, ila ni kitu kingine: kimetengenezwa kisimame badala ya sahani, wakati poda ya protini haina nyuzinyuzi, haina vitamini za kutosha, na haiwezi kuitwa mlo peke yake. Wengi hununua kimoja wakidhani ni kingine.

Kisha angalia protini imetoka wapi. Kwenye makopo mengi utakuta neno whey, yaani protini inayopatikana kwenye yale majimaji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini. Katika protini yote ya maziwa ya ng'ombe, hiyo ni asilimia 20 hivi. 80 ni kaseini. Ikiandikwa concentrate, kwa kawaida poda ina protini hadi asilimia 80, na bado kuna sukari ya maziwa, laktosi. Ikiandikwa isolate imechujwa zaidi, protini karibu asilimia 90 na laktosi kidogo sana. Bei ya isolate ni kubwa, na mtu ambaye maziwa hayamsumbui hana sababu ya kuilipia. Lakini watu wazima wengi wa huku kwetu tumbo linakataa laktosi: maziwa fresh yanawaletea gesi na kuharisha, ingawa mtindi wanaumudu. Kama ni wewe, chukua isolate au poda ya soya au ya njegere. Mwenye mzio wa maziwa, yule anayevimba midomo au kutokwa na vipele, hata isolate haimfai.

Kaseini inasagwa polepole na inashikilia tumbo muda mrefu. Soya ni protini kamili, yaani ina amino asidi (vipande vinavyounda protini) zote za lazima, na haina ubaya wowote kwa mwanamume, uvumi wa vijiweni kwamba inapunguza uanaume usikutishe. Kolajeni, ambayo siku hizi inauzwa sana kwa ajili ya ngozi, usiihesabu kwenye pengo lako: imekosa kabisa amino asidi moja ya lazima, triptofani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani kulikuwa na wimbi la vinywaji vya protini vya kupunguza mwili vilivyotengenezwa kwa kolajeni ya ngozi na mabaki mengine ya mifugo. Watu walikuwa hawali kitu kingine kwa wiki na miezi. Zaidi ya watu 50 waliripotiwa kufa, wengi kwa mapigo ya moyo kuvurugika. Mtu akikwambia ataishi kwa sheki tupu mwezi mzima hadi harusi ipite, msimulie hiyo.

Na unga wa lishe? Ule wa mahindi, ulezi, soya na karanga tunaowapikia watoto uji? Ni chakula kizuri kwa mtoto anayekua, lakini sehemu yake kubwa ni nafaka, yaani wanga. Mtu mzima anayejaza bakuli mbili za uji huo na sukari akisema yuko kwenye protini anajidanganya. Ukitaka cha nyumbani, tumia unga wa soya tupu: gramu 100 zina protini 36 hivi. Una mafuta na kalori nyingi kuliko poda ya dukani, na ni lazima soya iwe imekaangwa au ipikwe vizuri, kwa sababu soya mbichi ina kemikali inayozuia protini isisagwe tumboni.

Sasa orodha ya viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kwanza. Protini iwe ya kwanza. Ukiona maltodekstrini au sukari ya pili, hilo ni kopo la ladha. Ukiona glisini, taurini au kreatini zimepangwa juujuu kwenye kopo linalojiita protini tupu, shituka. Protini kwenye maabara mara nyingi haipimwi yenyewe. Hupimwa naitrojeni, kisha namba inazidishwa kwa 6.25. Njia hiyo aliianzisha Johan Kjeldahl huko Denmark mwaka 1883 na bado inatumika. Mjanja akitia kitu cha bei rahisi chenye naitrojeni, kama hivyo vitatu, mashine inasoma protini. Mwaka 2008 nchini China melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ilitiwa kwenye maziwa kwa hila hiyohiyo, na watoto wachanga takribani 300,000 wakaugua, sita wakafa. Kwenye poda za mazoezi mchezo huo haufikii ukatili huo, ila unalipia gramu 24 unapata pengine 15.

Nunua kopo lililofungwa kwa karatasi ya alumini chini ya kifuniko, tarehe inasomeka, na alama ya shirika la viwango ipo: TBS kwa Tanzania Bara, KEBS kwa Kenya. Zanzibar ni ZFDA wanaosimamia vyakula. Poda iliyochotwa na kupimiwa kwenye mfuko wa plastiki, eti nusu bei, iache hapohapo. Huna njia ya kujua ni nini. Kwa Mwislamu, angalia pia alama ya halali, kwa kuwa kimeng'enya cha kugandishia jibini wakati mwingine hutoka tumboni mwa mnyama.

Usikubali pia kuongezewa "kahawa ya kupunguza tumbo" au vidonge vya kukata mafuta kama zawadi ya kununua kopo. Bidhaa za namna hiyo zimeshakamatwa mara nyingi katika nchi mbalimbali zikiwa zimetiwa sibutramini kwa siri, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya kiharusi na moyo.

Hatua ya nne: linganisha bei kwa gramu ya protini

Bei ya kopo haikwambii kitu. Gawanya bei kwa idadi ya vipimo mara gramu za protini za kipimo kimoja. Tuseme kopo la gramu 900 ni shilingi 150,000, lina vipimo 30 vya gramu 24. Hapo una gramu 720 za protini, kila moja shilingi 208. Yai tuseme ni shilingi 400, gramu 6: shilingi 67 kwa gramu. Weka bei za mtaani kwako uone. Poda mara nyingi itashindwa na yai, na yai litashindwa na maharage. Unacholipia kwenye poda ni wepesi wa kuandaa na uchache wa kalori. Kama hivyo viwili vina thamani kwako, sawa. Kopo la kwanza liwe dogo, hata kama kubwa lina punguzo, maana ladha ya vanila inayovutia dukani inaweza kukuchefua siku ya nne.

Hatua ya tano: ondoa kitu, ndipo uweke sheki

Chagua mlo mmoja, ule dhaifu kuliko yote. Kwa wengi ni asubuhi. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili hufika kirahisi kalori 550 hadi 650, protini gramu 15 au pungufu. Weka badala yake kijiko kimoja cha poda kwenye maji, yai moja la kuchemsha na ndizi mbivu moja. Kalori ni kama 300, protini 31, na saa nne hutasikia njaa ya kutafuta vitumbua. Umeokoa kalori 300 kwa siku. Kilo moja ya mafuta mwilini ni takribani kalori 7,700, kwa hiyo badiliko hilo peke yake, bila kugusa kitu kingine, ni zaidi kidogo ya kilo moja kwa mwezi. Si tangazo la kuvutia, lakini ni kilo inayoondoka kweli.

Nafasi ya pili ni ile njaa ya saa 11 jioni, ambayo ndiyo inayoangusha watu. Mtu amejibana mchana kutwa, anafika nyumbani mikono inatetemeka, anakula mkate akiwa amesimama mbele ya kabati wakati chakula kinaiva. Sheki ya saa 11 inamfikisha mezani akiwa na akili zake, apakue sahani ya kawaida. Hapa kinachoondolewa ni mkate ule na nusu ya ugali wa usiku. Kama havikuondoka, rudi mwanzo.

Baada ya mazoezi? Hakuna haja ya kukimbilia chupa ndani ya dakika 30 kama vijana wa jimu wanavyoamini. Jumla ya siku ndiyo yenye uzito zaidi. Kama utakula chakula chenye protini ndani ya saa moja au mbili, sheki ya nini? Na usiinywe usiku juu ya chakula cha kushiba kwa kuwa tu hukuinywa mchana.

Sheki mbili kwa siku ni mwisho. Milo mingine iwe ya kutafuna, yenye mboga za majani, kwa sababu kinywaji hata kikiwa na protini nyingi hakishibishi kama chakula chenyewe.

Hatua ya sita: namna ya kukoroga

Kijiko cha plastiki huwa kimezama ndani ya unga. Kichokoe kwa kijiko kikavu, usitumbukize mkono. Kwenye lebo kipimo ni gramu 30, lakini hiyo ni kijiko kilichosawazishwa. Weka kijiko cha mlima kwenye mizani ya jikoni utaona 38, 40. Kopo la mwezi linakwisha wiki tatu, na kalori zimepanda bila taarifa. Kwangua juu kwa mgongo wa kisu.

Tanguliza maji, mililita 250 hadi 300 za baridi, kisha poda. Ukitanguliza poda, itajishikiza kwenye kona za chini za chupa ikawa gundi, na siku ya pili chupa inanuka kama maziwa yaliyooza. Funga, tikisa nusu dakika, acha povu litulie kidogo. Huna chupa yenye kile kimpira cha waya cha kukorogea? Tumia chupa yoyote ya mdomo mpana. Kikombe na uma pia vinafaa, ukianza na maji kidogo upate rojo, halafu uongeze.

Sasa hatari yenyewe: blenda. Angalia kinachotokea mtu akitaka "kuiboresha". Ndizi mbili, kalori 210. Vijiko viwili vya siagi ya karanga, 190. Maziwa fresh mililita 300, kama 180. Kijiko cha asali, 64. Poda, 120. Kinywaji kimefika kalori 764, zaidi ya zile chai na chapati mbili tulizozikimbia, na kinapita kooni kwa dakika tatu. Asali ni asili, ndiyo, na kalori zake nazo ni za asili. Nusu parachichi inaongeza 160 nyingine. Kama maji matupu yanakushinda, tumia kipande cha papai, barafu, mdalasini, iliki kidogo, kijiko cha unga wa kakao usio na sukari, au kahawa nyeusi iliyopoa. Kahawa ya baridi na poda ya chokoleti kwa kweli ni tamu.

Kwenye uji inawezekana. Epua kwanza, acha upoe hadi uweze kuugusa kwa ulimi, koroga poda pembeni na maji baridi, ndipo umimine. Ukiitia kwenye uji unaochemka, whey itagandamana kama yai lililopasukia kwenye supu. Protini haijaharibika, lakini kuila hivyo kunataka moyo.

Ikishakorogwa, inywe. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa sheki iliyokaa kwenye begi zaidi ya saa mbili ni ya kumwaga. Wa kazini wabebe unga mkavu kwenye kichupa, maji wakutane nayo huko. Kopo lifungwe kabisa na likae mbali na jiko. Unyevu wa pwani huifanya poda kuwa mabonge, na sisimizi wataipata kabla yako.

Mwezi wa Ramadhani

Aliyefunga mambo yake ni tofauti kidogo. Wakati wa futari, baada ya tende na maji, kunywa sheki ya maji kwanza, ukaswali magharibi, kisha uje mezani. Kaimati, sambusa na viazi vya nazi havitakuita kwa sauti ileile. Kwenye daku iweke pamoja na chakula, si badala yake, na hapa maziwa au kaseini vinafaa kwa sababu vinakaa tumboni. Ongeza maji kati ya tarawehe na kulala.

Hatua ya saba: tumbo likilalamika

Gesi na tumbo kujaa ndani ya siku za mwanzo mara nyingi ni laktosi, au zile sukari bandia zinazoishia na -oli, kama sobitoli. Punguza hadi nusu kijiko kwa wiki moja. Ikigoma, badilisha aina. Choo kigumu ni kwa sababu chapati imeondoka na mboga haikuja: mchicha, matembele, kisamvu, maharage, na maji. Ukivimba miguu, mkojo ukawa na povu lisiloisha au ukapungua sana, acha poda uende kupimwa.

Hatua ya nane: beba vitu vizito, kisha ujipime

Mara mbili au tatu kwa wiki, fanya mazoezi yanayoilazimisha misuli: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu hata za ukutani, kubeba ndoo za maji huku na huko. Jimu ni nzuri lakini si sharti. Kutembea kunasaidia moyo na kuchoma kalori, ila hakuambii misuli ya mikono na mgongo ibaki.

Jipime uzito asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, siku ileile ya wiki. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, bila kubana pumzi. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Zaidi ya hapo kwa muda mrefu, misuli imeanza kuliwa.

Baada ya wiki nne utajua. Kiuno kimepungua na ndoo unabeba vilevile au kwa urahisi zaidi: endelea. Uzito umesimama: usiongeze kijiko cha pili, rudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza uandike siku nzima upya, na safari hii andika mafuta ya kukaangia, soda ya kwenye foleni na vile vipande unavyoonja wakati wa kupika. Na kama mayai na samaki vimeshakuwa mazoea hadi hesabu inatimia bila sheki, kopo likiisha usinunue jingine.